Begi Linalosimama Lenyewe

Machibya Clementi hakuwahi kupanda mlima kwa starehe. Maisha yake yote upande wa Mugeta amepanda vilima kwa sababu ng'ombe wamepanda, na ameshuka kwa sababu ng'ombe wameshuka. Kwa hiyo siku alipotokea Musoma mjini, mtu wa miaka hamsini na kitu, akiulizia begi la wapanda milima, na si begi lolote bali lile lenye fremu ya chuma kwa nje, watu walidhani amepata kazi ya watalii. Hakuwa amepata kazi. Alikuwa amefiwa.

Huko kwao, kila rika linapokabidhi nchi kwa rika linalofuata, wanaume huizunguka nchi hiyo kwa miguu, mpaka hadi mpaka, mpaka waufunge mduara pale walipoanzia. Anayetangulia hubeba mgongoni mzigo wa nchi, uliofungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Kilichomo ndani wanakijua wenye haki ya kukijua. Wasio na haki husema ni mawe, na uzito wake hauwapingi. Sheria ya mzigo ni fupi kuliko sheria nyingi: tangu unyanyuliwe hadi urudi nyumbani, usiguse ardhi. Watu wakipumzika, mzigo hupakatwa. Ndiyo maana hubebwa na wawili waliotoka tumbo moja, mmoja akilala mwenzake amepakata. Mtu wa nyumba nyingine haruhusiwi kuugusa hata kwa kidole, hata kwa nia njema.

Parokia inalijua jambo hili kwa namna ambayo parokia hujua mambo. Machibya ni muumini wa kila Jumapili, na zaka yake haijawahi kuchelewa kuliko pamba yenyewe. Wiki ya kuzunguka nchi, padri, ambaye ni mtu mwenye busara, huwa na semina Nyegina.

Mara ya mwisho walibeba yeye na kaka yake, Baltazari. Baltazari alikuwa mrefu, mpole akiwa macho na mkali akiwa usingizini. Machibya alipokuwa na zamu ya kupakata alimsikiliza kaka yake akiwafokea ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani, na anasema hakuwahi kuona zamu ikiwa ndefu. Walikuwa wamelima pamoja, wameoza dada zao pamoja, wamepandisha ukuta wa zizi moja wakigombana kila jiwe. Kisha figo za Baltazari zilianza kuchoka wakati wa palizi, na zikachoka kabisa kabla ya mavuno. Hakuacha mtoto. Mke aliyewahi kuwa naye alikwisha kurudi kwao Kisorya, akavuka kwenda Ukerewe, na hakuna aliyemlaumu.

Sasa, asubuhi ya kuondoka, mlangoni pa nyumba inayobeba, huitwa majina ya wote waliowahi kubeba kutoka nyumba hiyo, mmoja mmoja, na umati huitikia. Kwa mtu aliyekufa bila mtoto, hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo jina lake litatamkwa kwa sauti na kupata jibu. Kaburini pake kuna msalaba mzuri wa saruji, lakini msalaba hauiti mtu.

Nyumba ikikosa wabebaji wawili, mzigo huhama. Ukihama haurudi, na mlangoni pa nyumba mpya huitwa majina ya nyumba mpya. Nyumba iliyosubiri ilikuwa ya Stanislausi, jirani wa ng'ambo ya korongo, mwenye vijana watatu wa mama mmoja, wote wenye migongo kama milango. Stanislausi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomsumbua Machibya, maana kumpinga mtu mbaya kungekuwa raha.

Wazo la begi lilimpata Bunda, kando ya barabara kuu. Kijana mmoja wa kizungu alikuwa akisubiri gari la kumpeleka hifadhini. Alikuwa amelivua begi lake na kwenda kununua maji, na begi lilibaki pale limesimama kwa miguu yake miwili ya chuma, mfuko ukiwa juu, haugusi vumbi. Machibya alilitazama kwa muda mrefu sana, hata mwenye begi akaacha maji akarudi kulilinda.

Nyumbani alimweleza mkewe, Yunis.

"Kwa hiyo unataka kubeba nchi kwenye begi la wazungu," Yunis alisema.

"Si habari ya wazungu. Linasimama lenyewe. Nikichoka nalisimamisha."

"Hata punda anasimamaga mwenyewe. Mbona hujasema tununue punda?"

"Punda analala."

Yunis alichukua ndoo, akaenda kukamua.

Musoma alikutana na dada yake, Boke, kitinda mimba wa baba yao, Clementi. Boke aliolewa Butiama, akawa mjane huko huko, na anauza unga wa muhogo. Alikuja kwa sababu anamjua kaka yake: akiachwa sokoni peke yake hununua kitu cha kwanza alichokishika, kwa aibu ya kukirudisha.

Kwenye mitumba walimkuta Jenipher, msichana aliyevaa kitenge juu ya suruali, ambaye huuza mabegi bila kuinuka kwenye stuli yake.

"Karibu baba. Unaenda Kilimanjaro?"

"Naenda kwetu."

"Kwenu kuko juu sana?"

"Hapana. Kuko mbali, ukizunguka."

"Mwanangu, wewe mpe begi," Boke alisema. "Ukimuuliza maswali anajibuga yote. Tutalala hapa."

La kwanza lilikuwa la kisasa, jeusi, laini, vyuma vyake vimefichwa ndani ya kitambaa. Mgongoni lilikaa kama mtoto aliyeshiba. Walipoliweka chini lilikaa kidogo, kana kwamba linafikiri, kisha likalala ubavu.

"Hili linalala," Machibya alisema.

"Yote yanalalaga, baba. Ni mabegi."

"Natafuta lisilolala."

Jenipher akamgeukia Boke.

"Usinitazame mimi," Boke alisema. "Ndugu yangu ni mzima. Ana sababu zake."

La pili lilikuwa na fremu ya nje, lakini lilikwisha kuanguka mahali fulani huko lilikotoka. Lilisimama likiegama, kama mtu anayesikiliza mlangoni. La tatu lilikuwa chini ya rundo. Fremu ya alumini, fito mbili ndefu zilizopinda kufuata mgongo, vipande vya kukatiza kama ngazi, na mfuko ambao zamani ulikuwa wa rangi ya chungwa. Jenipher, kwa mara ya kwanza, aliinuka.

"Hili uzito haukai begani. Unaona huu mkanda mpana? Unaufunga hapa, juu ya nyonga, unakaza mpaka usikie nyonga zimepokea. Mabega yanabaki ya kushikilia tu. Na huu wavu unaligusa shati lako peke yake, chuma hakikugusi, hewa inapita. Kama mgongo wako ni mbovu, hili ndilo."

"Mgongo wangu si mbovu."

"Mbovu," Boke alisema. "Na hapa, hii pini iko wapi?"

Mfuko ulishikwa kwenye fremu kwa pini ndogo pande zote mbili, na mahali pamoja palikuwa na waya.

"Waya ni imara kuliko pini, mama."

"Kama ni imara kuliko pini, mbona kiwandani hawakuweka waya kote?"

Jenipher alichomoa pini kwenye lile begi lililoegama, akaichomeka kwenye hili. Machibya alitaka kuona jinsi linavyokaa likiwa limejaa. Aliogopa fremu ndefu kuliko mtu, ambayo humgonga kisogoni kila hatua, na mtu hawezi kujitazama kisogo. Basi wakaazima viroba vya unga kibanda cha jirani, wakavijaza, na Boke akalivaa. Migongo yao ina urefu mmoja. Wote wawili walichukua kwa mama yao. Alikaza mkanda juu ya nyonga kama alivyoelekezwa, akaenda hadi mwisho wa soko na kurudi.

"Mama, unahama na unga?" mtu mmoja wa viatu alimuuliza.

"Nimefukuzwa. Una chumba?"

Alitembea sawasawa, bila kuinama. Alipofika alipiga goti, begi likasimama, akatoka kwenye mikanda yake kama mtu anayetoka kwenye koti. Lilibaki limesimama. Machibya alilizunguka, akalisukuma kidogo kwa kidole. Lilikubali kuyumba, halikukubali kuanguka. Alilitazama begi kwa makini. Aliyelibeba hakumtazama, hakuwa amekuja kununua dada.

Bei ilizungumzwa kwa heshima, ikashuka kwa heshima. Begi lilikwenda stendi mgongoni mwa Boke, kwa kuwa lilikwisha kuwa pale.

Wazee walikaa nyumbani kwa Mzee Masatu, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya mzigo. Walikalia viti vya plastiki vilivyokodiwa kwa ajili ya kipaimara na ambavyo bado havijarudishwa. Begi lilisimamishwa katikati, kama mshtakiwa.

"Mimi nauliza," alisema Stanislausi. "Likisimama, limegusa ardhi au halijagusa?"

"Fremu imegusa," alisema Machibya. "Mzigo uko juu ya fremu."

"Na fremu si imeshikana na mzigo?"

"Na mimi si nimeshikana na mzigo nikiubeba? Miguu yangu iko wapi? Iko hewani?"

"Wewe ni mtu."

"Ninavaa viatu."

Mzee mmoja alisema chuma chenyewe hutoka ardhini, kwa hiyo kikigusa ardhi kinakuwa kimerudi kwao. Mwingine alisema kwa hesabu hiyo hata mtu hutoka ardhini, padri husema hivyo kila Jumatano ya Majivu, na mbona hubeba. Ilionekana kwamba jambo lina kina kuliko walivyodhani, na chai ilikuwa imeletwa. Mzee Masatu akaamua: fremu ni viatu. Mzigo unaweza kusimama kwa viatu vyake, na hivyo mbebaji mmoja anatosha, mradi asiuache mbali kuliko mkono wake unavyofika, na usisimamishwe majini. Akauliza kama yupo anayepinga.

"Mimi sipingi," Stanislausi alisema. "Ila nasikitika. Tulikuwaga na watu."

Machibya alifunga safari ya kurudi nyumbani akiwa ameshinda, na maneno hayo yakaenda naye njia nzima.

Asubuhi ya kuondoka majina yaliitwa mlangoni kwa Clementi. Jina la babu, umati ukaitikia. Jina la kaka yake babu. Clementi. Mdogo wake Clementi. Kisha Mzee Masatu akaita, "Baltazari," na sauti zikajibu kwa pamoja, nzito, na kuku wakakimbia. Machibya alikuwa amejiinamia akikaza mkanda wa kiunoni, ambao ulikwisha kukazwa. Wakaondoka. Wanaume mbele, na nyuma kwa umbali wa heshima wanawake wa nyumba mbalimbali na masufuria, kwa sababu nchi huzungukwa na wanaume lakini wanaume hula. Boke alikuwa miongoni mwao, sufuria kubwa kichwani.

Begi lilifanya kila kitu Jenipher alichosema. Nyonga zilipokea. Mabega yalishikilia tu. Pumziko la kwanza, kwenye mwamba, Machibya alipiga goti kama alivyomwona dada yake akifanya, akatoka kwenye mikanda, na mzigo ukasimama. Vijana wa Stanislausi walikuja kulitazama, wakatikisa vichwa kwa namna ya mafundi. Machibya alikula. Katika miaka yote hakuna mbebaji aliyewahi kula kwa starehe namna ile, mapaja matupu na mikono yote miwili huru.

Kulala ndiko kulikomshinda. Mzigo ulikuwa umesimama, mkono wake ukiufikia, sheria yote imetimizwa, na yeye macho makavu. Zamani Baltazari alikuwa anamgusa bega, anasema, "Lete," na usingizi ulikuwa unamkuta Machibya kabla hajalala sawasawa. Kitu kinachosimama chenyewe hakisemi lete. Usiku wa kwanza hakufumba jicho, na wa pili vilevile. Wenzake walipomuuliza alisema amezeeka tu.

Kisha mvua ikanyesha, na njia ikashuka mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao wakulima wa pamba wanaujua na kuuheshimu. Ukikauka ni tofali. Ukilowa humeza, polepole, bila kelele. Mchana watu walipumzika mahali palipoinuka kidogo. Machibya alitafuta mwamba, hakuna. Akachagua palipoonekana pagumu, akapiga goti, akalisimamisha begi. Alilisukuma kwa kidole. Lilisimama. Akaketi ubavuni pake, mkono juu ya fremu, na mwili wake, ambao haukushirikishwa katika maamuzi ya wazee, ukalala.

Stanislausi alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, akikwangua tope kwenye kiatu. Yeye ndiye aliyeona. Mguu wa kushoto wa fremu ulikuwa unaingia. Hakuna aliyekuwa ameusukuma; uzito wenyewe ulikuwa unaushusha, na begi likaanza kuinama upande usio na Machibya, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani.

"Machibya," aliita. Kisha kwa nguvu zaidi, "Machibya, mzigo."

Machibya alikuwa mbali sana. Mkono wake uliteleza kwenye fremu, ukaanguka juu ya paja lake mwenyewe. Stanislausi alikwisha kusimama, mikono mbele, na akabaki hivyo hivyo, kwa kuwa hiyo haikuwa mikono ya nyumba ile. Wanaume wengine walikwisha kugeuka. Vijana wake watatu walisimama pia, na migongo yao yote. Hakuna aliyeweza kitu. Mtu aliyepita katikati yao alikuwa Boke. Sufuria lilikwisha kuwa chini, limemwagika. Alikaa kwenye tope, si kwa kupiga goti, alikaa kama mtu anavyokaa nyumbani, miguu mbele, na begi likamlalia mapajani. Fremu ikapiga udongo kandokando yake. Ngozi ya mzigo ilikuwa kifuani pake na mikono yake imeuzunguka.

Mzee Masatu alikuja akichechemea.

"Nani aliona?"

"Mimi," Stanislausi alisema.

"Mzigo umegusa chini?"

Kila mtu alimtazama Stanislausi, na kila mtu alijua anachotazama. Neno moja tu, na hata kukaa kimya kungetosha kuuhamishia mzigo nyumbani kwake.

"Fremu ndiyo iliyoanguka," alisema. "Mzigo haukufika chini."

"Ulifika wapi?"

"Hapo ulipo. Mapajani mwa Boke."

"Boke si mbebaji," alisema mzee mmoja.

"Basi umefika chini," Stanislausi alisema. "Kama aliyekaa hapo si kitu, huo mzigo uko kwenye tope, na nchi tunaianza upya kule tulikotoka, leo hii. Kama ni binti wa Clementi, uko nyumbani kwao. Chagueni wenyewe. Mimi nimeshasema nilichoona."

Wazee walitazamana. Kisha, mmoja mmoja, walitazama miguu yao, iliyokuwa imevimba, na wakatazama njia waliyotokea. Mambo mengi makubwa ya desturi yameamuliwa namna hiyo, ingawa si desturi kulisema.

"Ni tumbo moja," alisema yule mzee aliyekuwa amesema kwamba chuma hurudi kwao.

"Hilo halina ubishi," alisema mwingine.

"Nani alibisha?" aliuliza Mzee Masatu.

Kelele hizo ndizo zilizomwamsha Machibya. Aliona kwanza mkono wake, mtupu. Kisha fremu kwenye tope. Akanyanyuka kwa magoti, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayepewa habari hospitalini, wanaokumbuka wanasema ulikuwa uso uleule wa siku ya Baltazari. Ndipo akaona mzigo ulipo. Akatambaa hadi pale, akanyoosha mikono.

"Nipe," alisema.

"Ngoja."

"Boke, nipe. Nilipitiwa tu. Haitarudia."

"Hujalala tangu tutoke," Boke alisema. "Unadhani sisi huko nyuma hatuoni? Unatembea kama ng'ombe wa mnadani."

"Mzigo ni wangu."

"Ni wa Clementi. Clementi alinizaa na mimi, au nimekosea?"

Machibya alimgeukia Mzee Masatu, kama mtu anayetafuta wa kusema hapana. Mzee Masatu alikuwa akimtazama Stanislausi, na Stanislausi alikuwa amerudi kwenye kiatu chake.

"Imeshaamuliwa," Mzee Masatu alisema. "Ulikuwa umelala."

Machibya alibaki amepiga magoti, tope hadi mapajani.

"Nilidhani hayupo mwingine," alisema hatimaye. Hakumwambia mtu.

"Ulikuwa hujaniuliza."

Aliinamisha kichwa. Boke alitoa mkono mmoja kwenye mzigo, akamgusa bega.

"Lala," alisema. "Nitakuamsha zamu yako ikifika. Na ukiwafokea ng'ombe kama yule mwenzako, nitakumwagia maji."

Alilala palepale, kwenye tope, kichwa kwenye ukingo wa kitenge cha dada yake, na hakufoka. Vijana wa Stanislausi waliinyanyua fremu tupu, wakaifuta kwa majani, wakaiegemeza mahali. Wanawake walikusanya kilichobaki sufuriani. Mtu mmoja alianza kueleza kwa sauti jinsi ambavyo yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ule mguu wa kushoto, na Mzee Masatu akamwambia apunguze sauti, watu wamelala.